Chupa Sita za Nyamitwe

Makoko, Musoma
9 Februari 1975

Dada Esta,

Shikamoo. Mama mpe shikamoo yake, na Mseti mwambie pole nyingi. Barua yako niliipata Ijumaa kwa kondakta wa basi la Bunda, imekunjwa mpaka imechanika, lakini maneno yote yalisomeka. Umesema kaka yetu ametapika damu mara mbili, na mara ya pili bakuli zima. Nilikaa na habari hiyo kazini kutwa bila kumwambia mtu, kisha jioni nikampelekea Daktari Nyberg, yule Mswidi anayetafiti magonjwa ya ini, ambaye mimi ni msaidizi wake wa maabara.

Anasema ni kile nilichokuwa nakihofia. Kichocho cha ziwani kimemkaa Mseti tangu utoto, kimelifanya ini kuwa gumu, na damu isiyoweza kupita kwenye ini inajaa kwenye mishipa ya kooni mpaka inapasuka. Dawa yake ni kisu. Tarehe 3 Machi daktari wa upasuaji anakuja kwa ndege, atakaa siku nne, atapasua watu sita tu. Akiondoka harudi mpaka Mei.

Sasa sikiliza, maana hapa ndipo kazi yangu inapoingia. Sote tuna bakteria matumboni, na maganda ya bakteria hao yana sumu. Ini lenye nguvu huichuja sumu hiyo isifike mbali. Ini likichoka, sumu inapita na kuzunguka mwilini, na mtu wa namna hiyo akipasuliwa haamki. Kwa hiyo Daktari hampeleki mezani mtu ambaye damu yake ina sumu. Kuigundua tunatumia dawa kutoka Marekani, iliyotengenezwa kwa damu ya mdudu wa baharini anayefanana na kaa. Damu ya mdudu huyo ni ya buluu, usicheke. Nachanganya dawa hiyo na maji ya damu ya mgonjwa, naweka ndani ya kichupa cha kioo kwenye joto la mwili kwa saa moja, kisha napindua kioo hicho. Ikimwagika, mtu ni salama. Ikiganda kama uji uliolala, sumu ipo.

Nakutumia chupa sita kwa Isidori, dereva wetu. Tano ni za Mseti na wagonjwa wengine wanne wa hapo kijijini wenye tumbo kama lake, na ya sita ni ya mtu mwenye afya, ili tuwe na cha kulinganisha. Chupa ziko tayari kutiwa damu. Isidori atalala hapo na kurudi nazo kesho yake.

Kwangu hakuna jipya. Tunakula unga wa njano wa msaada, na sato siku hizi ni wa kutazama tu.

Mdogo wako,
Clementi


Zahanati ya Nyamitwe, Bunda
16 Februari 1975

Mdogo wangu Cleme,

Marahaba. Mama anakuitikia, anauliza kama unakula. Nimemwambia kwamba mtu ambaye kazi yake ni kupindua vioo kutwa hawezi kukonda.

Barua yako nimemsomea Mama neno kwa neno, kama anavyotaka siku zote. Nilipofika kwenye damu ya buluu akanisimamisha nirudie, halafu akauliza, "Huyo mdudu wanamkamataga na nini?" Mseti alicheka mpaka akajishika ubavu. Ndivyo alivyo kaka yako, juu mifupa, chini pipa, na bado anatafuta cha kuchekea. Anasema sisi tumeletwa kwenye ujamaa na malori ya Operesheni Vijiji, lakini tumbo lake lilishaanza zamani, limekusanya kila kitu mahali pamoja. Mkewe Tereza hacheki. Anahesabu siku za kufika tarehe 3.

Damu nimetoa. Wagonjwa hawakunipa shida, mfa maji haishi kutapatapa. Shida ilikuwa yule mtu wa sita. Kila mzima niliyemwita alinigeuzia mgongo, eti damu haipelekwi kwa mtu usiyemjua. Mzee Keraryo aliniuliza, "Mkishaipima mnaimwagaga wapi?" Nikamwacha aende. Mwishowe amepatikana mtu mmoja mwenye afya ya punda. Ndiye namba sita.

Sanduku la chupa lilifika na vumbi la barabara yote ya Musoma ndani yake, lakini usitie shaka, zimefikia mikononi mwa mtu msafi. Sista aliyenifundisha ukunga hakunipa cheti kwa kunionea huruma.

Kwenye barua ijayo mwandikie Mama mstari mmoja wa matumaini. Najua atanitaka nimsomee mara tatu.

Dada yako,
Esta


Makoko, Musoma
25 Februari 1975

Dada Esta, karatasi hii msomee Mama.

Shikamooni nyote. Damu zilifika salama, na Daktari bado anaziangalia. Mambo ya hospitali hayaendi haraka. Mseti ale anachokiweza, asibebe mzigo, na asiingie ziwani hata kuosha miguu. Mama asiwe na hofu.

Wako,
Clementi

Dada, karatasi hii ni yako peke yako. Mama asiisikie.

Zimeganda zote. Nilipindua kioo cha Mseti mara ya kwanza, nikarudia kwa dawa mpya, nikakipindua tena, na ule uji ukabaki juu vilevile haudondoki. Daktari amekata jina lake kwenye orodha mbele yangu. Nilimwomba, dada. Sijawahi kumwomba mzungu kitu, lakini nilimwomba. Alisema kumpasua mtu huyu ni kumwua, na kwamba nafasi ile itamfaa mwingine ambaye atapona.

Kuna jingine. Namba sita naye ameganda. Daktari alikuna kichwa kwa muda, kisha akasema watu wa ziwani wote wanaoga kichocho, na anayejiona mzima leo huenda ini lake limeshaanza kuchoka bila yeye kujua. Ni nani huyo? Mtafute umwambie polepole, aje apimwe.

Clementi


Zahanati ya Nyamitwe, Bunda
5 Machi 1975

Cleme,

Namba sita ni mimi. Nilikosa mtu, nikajifunga mpira mkononi na kujichoma mwenyewe.

Sijisikii kuumwa. Nakula, nafanya kazi, jana nimezalisha mapacha. Lakini tangu barua yako nimekuwa najibonyeza ubavu kila nikiwa peke yangu, na kila siku naona kama kuna kitu kipya hapo. Naogopa, mdogo wangu. Nimezoea kuogopa kwa ajili ya watu wengine.

Mseti nimemdanganya kwamba orodha ilijaa. Jumatatu ile ndege ilipita juu yetu ikielekea Musoma. Alikuwa ameketi nje, akainua mkono akaipungia. "Wasalimie," akasema, "waambie na mimi nilikuwaga njiani." Tereza aliingia ndani akafunga mlango. Mimi nilienda zahanati nikapanga upya dawa ambazo hazikuwa na shida yoyote.

Sasa nakuomba kitu, na usinijibu kwa kunifariji. Pelagia wangu ana miaka saba. Baba yake unajua alikokwenda. Nikifa umchukue wewe huko Makoko, asome. Mama amezeeka, na mtoto huyu ana kichwa kama chako. Niandikie ndiyo au hapana.

Dada yako,
Esta


Nyamitwe
18 Machi 1975

Clementi,

Mseti amekufa jana mchana. Alikuwa anamsimulia Mama kitu, akasimama katikati ya neno kama mtu aliyesahau, halafu damu ikaja na haikukoma. Nilikuwa nimemshika mimi.

Tunakusubiri mpaka Alhamisi. Panda hata lori la pamba.

Esta


Makoko, Musoma
27 Machi 1975
(Haikupelekwa)

Dada yangu,

Nimerudi salama. Kuna jambo nimelibeba kutoka nyumbani ambalo nilipaswa kulisema palepale.

Siku ya tatu ya msiba, nilipotoa chupa mpya mfukoni ili nikupime tena, ulinyoosha mkono ukasema, "Lete kwanza nikaioshe, imetoka safari." Nikakuuliza, na zile sita uliziosha? Ukanitazama kama mjinga. "Ulitaka niwawekee watu damu kwenye vumbi?" Ukanieleza ulivyozisugua kwa sabuni, ukazisuuza kwa maji ya ziwa yaliyochujwa, ukazichemsha nusu saa. Mama alikuwa amekaa hapohapo, anatingisha kichwa kwa kukubali, maana ndivyo alivyotulea, chombo cha mgeni hakitumiki bila kupita majini. Tereza alikuwa mlangoni. Nilisema tu kwamba hii imeshaoshwa, nikakuchoma.

Dada, maji yakichemka bakteria wanakufa, lakini maganda yao yanabaki, na sumu ni hayo maganda. Kuchemsha hakuyaondoi. Ndiyo maana sisi tunazioka chupa zikiwa kavu, kwenye tanuri la nyuzi mia mbili, saa nne. Maji ya ziwa yaliyochemshwa yanaigandisha dawa yetu yenyewe, hata bila damu. Nimejaribu jana kwa maji ya hapa Makoko. Yaliganda.

Chupa yako mpya ilimwagika safi. Wewe huna ugonjwa. Na kama wewe hukuwa nao, basi hatukuwahi kujua chochote kuhusu damu ya Mseti. Labda naye angemwagika. Labda angepasuliwa tarehe 4 na leo angekuwa anawachekesha wauguzi. Labda angeganda hata kwenye chupa safi. Nami sikukuambia zisioshwe. Niliandika kwamba ziko tayari, nikadhani inatosha.

Sijui namna ya kukupa habari hizi mbili kwenye karatasi moja


Makoko, Musoma
6 Aprili 1975

Dada Esta,

Shikamoo. Hii msomee Mama, tena kwa sauti kubwa.

Damu yako ya mara ya pili ni safi kabisa. Haikuganda hata kidogo. Daktari amekubali kwamba kile kipimo cha Februari kilikuwa na hitilafu kwa upande wako, ni mambo ya maabara tu, hutokea. Pelagia atasoma ukiwa hai, na atakuchosha kwa maswali ya hesabu.

Daktari wa upasuaji anarudi tarehe 5 Mei. Isidori atakuletea chupa nyingine tano. Hizo msipate taabu ya kuziosha, huku tunaziosha vizuri na tanuri tunalo. Nakuandikia mapema kwa sababu natumwa Mwanza kwa mafunzo na kuchukua dawa, nitakuwa huko mpaka tarehe 10 Mei. Mwenzangu atapima.

Mama ampumzishe Tereza kazi za shamba kwa sasa.

Mdogo wako,
Clementi


Zahanati ya Nyamitwe, Bunda
21 Aprili 1975

Cleme wangu,

Nilisoma barua yako nimesimama, nikaimaliza nimekaa chini. Mama alipiga vigelegele, halafu akakumbuka tuko msibani, akajiziba mdomo na kanga. Ndipo tukalia wote, kwa furaha na kwa Mseti, tukashindwa kujua kilio kipi ni cha nani. Mama anasema Mungu amechukua mmoja akamwacha mmoja, na yeye hana nguvu za kumdai zaidi. Nimeanza kula tena. Nilikuwa sili, sikutaka kukuambia.

Chupa tano zimekuja na nimeshazirudisha na Isidori. Nne ni za wale waliobaki wa Februari, na moja ni ya Kwangu, binti wa Mbuke. Unamkumbuka, yule aliyekuwa anawashinda wavulana kuogelea. Ana miaka kumi na tisa na bandama limefika kitovuni. Ametapika mara moja tu. Mbuke hana mwingine. Nimemwambia mdogo wangu ndiye anayejua mambo ya damu huko Musoma, na kwamba safari hii mtu wetu atapanda ile meza. Nimeahidi, Cleme, usiniaibishe.

Eti nisipate taabu ya kuziosha! Umeanza lini kumwonea huruma dada yako kwa kuosha vyombo? Ungekuwa karibu ningekufinya. Kama Februari kipimo kilikosea, basi safari hii hawatasema uchafu ulikuwa Nyamitwe. Nimezisugua mara mbili, nimezichemsha saa nzima kwa saa ya ukutani.

Dada yako mzima,
Esta


Makoko, Musoma
12 Mei 1975

Dada Esta,

Nimerudi juzi na nimekuta barua yako mezani, haijafunguliwa. Nimeisoma, nikakimbia maabara.

Zote tano zilikuwa zimeganda. Jina la Kwangu lilikatwa tarehe 2. Daktari wa upasuaji amekuja na ameondoka.

Jana Jumapili nilimfuata Daktari Nyberg nyumbani kwake nikamweleza kila kitu. Kisha akapiga simu Mwanza, na wamekubali kumpokea Kwangu huko bila kungoja. Isidori anakuja keshokutwa na gari. Kwangu apande hapohapo, Mbuke amsindikize, wasisubiri kuaga watu. Katika sanduku kuna chupa nyingine kwa wale wanne waliobaki wa Februari. Nakuomba sana, dada, kwa jina la Mama, hizo usiziguse na maji ya aina yoyote. Zitie damu kama zilivyo.

Najua utauliza kwa nini. Nitakueleza nikija mwenyewe, si jambo la karatasi. Usimuulize Isidori mengi, yeye ni dereva tu.

Clementi


Zahanati ya Nyamitwe, Bunda
19 Mei 1975

Ndugu Clementi Wanzagi,

Gari lenu lilifika Jumatano. Kwangu tulimzika Jumapili, siku ile uliyokuwa kwa Daktari wako.

Isidori alikuta watu wamekaa matangani, akaniuliza ni nani. Nilipomtajia jina alishika kichwa. "Si ndiye nimetumwa nimchukue," akasema. "Wanasema damu yake haikuwaga na neno, ni chupa ziliharibiwa na maji, kama zile za marehemu kaka yenu. Clementi hakukuambia?" Alipoona uso wangu akataka kuyarudisha maneno, lakini nilikuwa nimeshamshika shati. Ameniambia yote, tanuri, maganda, maji ya ziwa. Usimgombeze. Mficha maradhi kilio humfichua, na aliyekuwa anaficha si yeye.

Nilikwenda kwa Mbuke siku hiyohiyo. Mama nilimchukua tukaenda naye, maana sikuwa na nguvu za kuyasema mara mbili. Nikawaeleza nilichofanya kwa mikono yangu, sabuni, sufuria, saa ya ukutani. Nilidhani Mbuke atanipiga na nilikuwa nataka anipige. Aliniuliza kitu kimoja tu. "Wewe ulikuwa unajua?" Nikasema sikujua. Akauliza, "Nani alikuwa anajua?" Mama ndiye aliyemjibu. Alisema, "Ni mwanangu."

Tangu hapo Mama hajataja jina lako. Halii wala hagombi. Anapeta mtama.

Nimefikiri sana kabla ya kukuandikia, ili nisiseme la hasira. La Mseti ni langu, na nitakufa nalo. Niliziosha kwa kuwa nilimpenda, na sikujua. Hata wewe hukujua wakati huo, sikulaumu kwa Mseti. Lakini uliondoka kwenye msiba wake ukiwa unajua. Ulikaa na kalamu mkononi ukiwa unajua. Ukaniandikia nisipate taabu. Kama ungeandika kwamba maji yangu yamemuua kaka yetu, ningeanguka chini, ningepiga mayowe kijiji kizima kisikie, na chupa ya Kwangu ingebaki kavu. Ulichagua nisilie, na sasa analia Mbuke. Nani alikuambia kwamba mimi siwezi kubeba? Nimezalisha watoto waliokufa na kuwakabidhi kwa mama zao nikiwa nimewatazama machoni. Ungeniuliza.

Wale wanne wa Februari wako hai. Leo asubuhi nimewatoa damu. Chupa zilikuwa na vumbi kwenye shingo, lakini sikuziosha. Isidori amerudi leo kuzichukua, anaondoka nazo sasa hivi.

Majibu yao usiyaandike wewe. Mwambie Daktari aandike mwenyewe, kwa Kiingereza chake kama hajui Kiswahili. Nitatafuta mtu wa kunisomea.

Esta Wanzagi
Muuguzi Msaidizi, Zahanati ya Nyamitwe